Fundi Veneranda na mbao ambazo hazijalala

"Mama, kipimo kimesoma vizuri. Unataka nikipigie magoti?"

"Kipimo hakitembei kwenye sakafu. Anayetembea ni mtu."

"Sasa tulikinunua cha nini?"

"Cha kukusaidia kufikiri, siyo cha kufikiri badala yako."

Ni saa tatu asubuhi, siku ya Ijumaa, Uyole jijini Mbeya. Nje ukungu haujaachia barabara kuu na malori yanapita yamewasha taa. Ndani ya chumba kisicho na kitanda wala pazia, mama na binti wamesimama wakitazamana. Katikati yao kuna mistari kumi na moja ya mbao za mninga iliyobandikwa jana. Nusu ya chumba inang'aa wekundu wa mninga. Nusu nyingine ni saruji tupu.

Mama ni Veneranda Kalinga, miaka arobaini na tisa, fundi wa sakafu za mbao. Binti ni Tekla, miaka ishirini na minne, mwenye cheti cha chuo cha ufundi na kipimo cha unyevu anachokivaa shingoni kama kitambulisho. Hii ni sakafu ya kwanza aliyopewa kwa jina lake mwenyewe. Mwenye nyumba hakumtafuta mama. Alimtafuta Tekla.

Ndiyo maana hakuna anayepaza sauti. Veneranda anajua kwamba akitamka neno baya leo, binti yake atabaki kibarua wa mama yake mpaka azeeke, au ataiacha kazi kabisa.

Jumapili iliyopita Veneranda alikwenda Iringa kumzika shangazi yake. Aliacha agizo moja: usibandike mpaka nirudi. Jana saa tisa alasiri alishuka kwenye basi, akaja moja kwa moja na begi lake, akaikuta mistari kumi na moja. Hakusema kitu. Alikata kipande cha nailoni ukubwa wa sinia, akakitandika juu ya saruji kwenye kona ya dirisha, akakiziba pande zote nne kwa selotepu pana, kisha akaenda zake nyumbani Iyunga.

"Hata ugali hakula," anasema Tekla. "Mama akinyamaza, bora akuchape."

"Tufungue," anasema Veneranda.

Tekla anapiga goti na kubandua selotepu polepole. Chini ya nailoni kuna matone madogo, mengi, kama jasho la puani. Saruji ya chini yake imegeuka nyeusi, pembe nne kamili, kama vile mtu ameipiga rangi.

Binti anaweka kipimo kwenye saruji ya pembeni. Kavu. Anasogea hatua mbili. Kavu. Anamwonyesha mama yake, na sasa ile sauti ya ubishi imeshuka. "Sikudanganyi, mama. Jumatano kilisoma hivihivi."

"Nani kasema unadanganya?"

Chumba hiki kinamsubiri Bibi Eveline, miaka themanini na mmoja. Miezi minane iliyopita aliteleza humu humu, kwenye marumaru iliyokuwa na maji, akavunjika nyonga. Tangu hapo anauguzwa kwa binti yake mjini Tukuyu. Mwanawe Asukile, muuza mbegu za viazi hapa Uyole, aliing'oa marumaru yote kwa mikono yake siku aliyotoka kumlaza hospitalini. Aliapa mama yake hatakanyaga tena kitu cha baridi.

Bibi Eveline mwenyewe ndiye aliyetaja mbao. Alipokuwa msichana alifua nguo kwenye nyumba ya misheni iliyokuwa na sakafu ya mbao, na anasema mpaka leo nyayo zake zinaikumbuka. Asukile akaagiza mninga kutoka Chunya. Akamwaga saruji mpya ya kusawazisha, unene wa sentimeta tano. Akawaambia ndugu wote wa ukoo kwamba Jumapili hii, baada ya ibada, mama anarudi nyumbani.

Saruji hiyo ina wiki tatu. Hapo ndipo penye ugomvi.

"Mbao haifi," Veneranda hupenda kusema. "Mti unakufa, mbao inabaki inapumua. Masika inakunywa, kiangazi inatema. Wewe fundi huwezi kuizuia. Unachoweza ni kuikubalisha na nyumba kabla hujaifunga."

Kukubalisha huko yeye hukuita kulaza mbao. Mbao zikifika hupangwa ndani ya chumba kilekile zitakapokaa, vijiti katikati yake ili hewa ipite, madirisha yakifunguliwa mchana na kufungwa jioni kama watu wanavyoishi. Hulala wiki tatu, masika hata tano. Kila wiki Veneranda huchukua ubao mmoja, uleule, akaenda kuupima kwenye mizani ya duka la unga la jirani na kuandika uzito mgongoni kwa penseli. Uzito ukiacha kubadilika wiki mbili mfululizo, mbao zimelala.

Saruji nayo ina hesabu yake. Kila sentimeta moja ya unene huipa wiki nzima ya kukauka, na mwezi wa Machi, mvua ikinyesha kila alasiri, huipa mbili. Sentimeta tano, wiki kumi. Asukile anaijua hesabu hiyo. Alielezwa na Veneranda mwenyewe, mbele ya Tekla, siku saruji ilipomwagwa. Aliitikia kwa kichwa, akaenda kuita ndugu.

Veneranda sasa anazunguka upande wa saruji, ameinama, kama mtu aliyedondosha sindano. Anasimama. Anachuchumaa. Kwa kidole anafuata alama ya duara, hafifu, ya kijivu. Kuna nyingine karibu na mlango. Ya tatu iko kando ya ukuta. Analamba kidole.

"Majivu," anasema. "Tekla, Jumatano ulikuta nini humu?"

"Nilikuta kumefagiliwa. Nikasema kumbe baba Mercy ni msafi."

Baba Mercy ndiye Asukile, na ndiye anayeingia muda huo na chupa ya chai na bakuli la viazi vya kuchemsha. Ni mtu mrefu, wa miaka hamsini na miwili, na amezoea kuinama mlangoni.

"Mugonile," anasalimia kwa Kinyakyusa, salamu ya hapa ya kuulizana kama mmelala salama.

"Tumelala," anajibu Veneranda. "Baba Mercy, humu ulipika nini?"

"Kupika?"

"Alama za majiko hizi. Naona tatu. Ya nne nadhani Tekla kaifunika na mbao."

Asukile anaweka chupa ya chai chini, anaihamisha, anairudisha palepale. "Nilikuwa nasaidia, mama Tekla," anasema.

Alisaidia hivi. Jumapili, Jumatatu na Jumanne, alijaza mkaa majiko manne, akayapanga chumbani, akafunga madirisha na kuziba chini ya mlango kwa taulo ili joto lisipotee. Kila asubuhi aliingia kupapasa saruji. Jumatano asubuhi ilikuwa kavu na vuguvugu kama ukuta wa jiko la mikate. Akatoa majiko, akafagia, akampigia simu Tekla.

"Na kwa nini ulisubiri nisafiri?" anauliza Veneranda.

"Ungekubali?"

"Nisingekubali."

"Ndiyo maana."

Tekla anacheka bila kutaka. Mama yake hacheki. Kwanza anamwambia Asukile ashukuru kuwa yu hai, kwa sababu mkaa ndani ya chumba kilichofungwa huua watu kimyakimya, na kwa Mbeya, kwenye baridi ya Juni, hilo si jambo la kusimuliwa, ni jambo la kila mwaka. Kisha anaushika mkono wa Tekla na kuuweka juu ya saruji.

"Ushawahi kuchoma maandazi kwa moto mkali? Juu yamebabuka, ukiuma unakuta unga. Hii ndiyo hiyo. Kipimo chako kinagusa ngozi. Maji yako tumboni, na sasa ngozi ikitulia yanapanda."

"Kwa hiyo kipimo hakikukosea," anasema Tekla.

"Hakikukosea. Na wewe hukukosea kupima. Ulikosea kutouliza kwa nini saruji ya wiki tatu, mwezi wa tatu, Uyole, ikauke hivyo."

Tekla anaangalia chini. Kisha, kabla hajaambiwa, anakwenda kwenye rundo la mbao zilizobaki, anautafuta ule ubao wenye maandishi ya penseli, anatoka nao. Dakika tano baadaye anarudi kutoka dukani. Wiki iliyopita ubao huo ulikuwa na kilo mbili na robo. Leo una kilo mbili na gramu mia moja.

Maana yake kila mtu chumbani anaielewa bila kuelezwa. Mbao zilikuwa humu humu, siku tatu, zikiokwa pamoja na saruji. Zimetoka na kiu. Na zimebandikwa juu ya maji.

"Zitakunywa mpaka zivimbe," anasema Veneranda. "Zikivimba zitasukumana, zikikosa pa kwenda zitanyanyuka. Milimita tatu tu. Mguu wangu mimi hautaziona. Mama yako, baba Mercy, anatembeaje sasa?"

"Anaburuza," anasema Asukile. "Wa kulia hauinui."

Hakuna anayekula viazi.

Veneranda anazijua mbao zenye kiu kwa sababu ziliwahi kumwaibisha. Alizaliwa Kilolo, mkoani Iringa. Alianza kama kibarua wa kupiga msasa kwenye karakana ya maseremala Iringa mjini, mwanamke pekee kati ya wanaume tisa. Alipata sakafu yake ya kwanza mwaka 2003, sebuleni kwa mwalimu mstaafu aliyeitwa Sosthenes.

Hakuwa na mahali pa kuhifadhi mbao. Mjomba wake, mkulima wa vitunguu Ruaha Mbuyuni, akampa nafasi kwenye ghala lake. Veneranda akaona amepata bahati. Ruaha Mbuyuni ni joto, jua kali, upepo mkavu. Aliziacha mbao humo miezi miwili juu ya vitunguu, zikakauka mpaka zinalia ukizigonga. Akazipandisha Iringa mwezi wa tatu, mvua inanyesha, akazipigilia siku hiyohiyo, zimebanana ukuta kwa ukuta bila kuacha hata upenyo wa wembe. Aliona huo ndio ufundi.

"Kwanza nyumba nzima ilinuka vitunguu," anakumbuka, na hapa anacheka kwa mara ya kwanza asubuhi hii. "Wageni wakikaribishwa wanauliza, leo mnapika nini? Mwezi wa nne sakafu ikapanda katikati ya sebule. Mgongo wa ng'ombe kabisa, na nundu yake."

Alikwenda kwa mwalimu Sosthenes akiwa tayari kutukanwa. Mzee alimpa kiti, akampa penseli. Akamwambia asiing'oe. Kila mwisho wa mwezi aje, apime nundu ina urefu gani, aandike ukutani na tarehe. Kwa mwaka mzima mwalimu na mkewe waliizunguka nundu ile wakienda mezani. Mwezi wa saba ilianza kushuka. Mwezi wa kumi ilikuwa imelala kabisa, na mbao zimeachana nyufa za kumeza sarafu.

"Mwaka ulipotimia aliniambia, sasa ing'oe, maana umeshajua. Mimi nilisoma darasa la saba. Chuo changu ni ule ukuta."

Tangu hapo haachi kuacha nafasi ya unene wa kidole pembeni mwa kuta zote nne, inayofichwa na ubao mwembamba wa pembeni. Haachi kutandika nailoni nzito chini kwenye nyumba za bondeni. Huwaambia wenye nyumba wadeki kwa kitambaa kilichokamuliwa, wasimwage ndoo ya maji kama wanadeki kibaraza. Wengine humwona ana maringo.

Alihamia Mbeya na mumewe Yotamu, fundi umeme, mwaka 2009. Kwa mwezi hupata kazi mbili, na chumba kama hiki humwachia kama shilingi laki tatu akishatoa gundi na nauli. Masika kuna miezi anayokataa kazi zote. "Yotamu husema mke wake ndiye fundi pekee Mbeya anayefukuza wateja," anasema. "Lakini hajawahi kunisindikiza kuomba radhi kwa mtu."

Hadithi ya vitunguu Tekla ameisikia mara nyingi. Siku zote ilikuwa hadithi ya kuchekesha wageni. Leo anauliza kitu ambacho hajawahi kuuliza.

"Mama, ulilia?"

"Nililia. Kwenye basi, mpaka Ruaha Mbuyuni. Mjomba akadhani ni vitunguu."

Lori linapita barabarani. Kisha Veneranda anafanya jambo ambalo anakiri baadaye lilimgharimu. Anakaa juu ya ndoo ya gundi iliyogeuzwa, anajifunga kanga vizuri, anaweka mikono mapajani.

"Sakafu ni yako," anamwambia binti yake. "Nimeona nilichoona, nimesema. Gundi ya jana haijashika sawasawa kwa sababu ya unyevu. Mpaka leo jioni mbao zinatoka nzima. Kesho zinatoka vipande. Amua."

Tekla anamgeukia Asukile. Sauti yake ni ndogo lakini haitetemeki. Anamwomba ampigie Bibi, na aweke sauti ya nje.

Simu inapokelewa Tukuyu. Inanyesha huko, mabati yanasikika. Tekla anajitambulisha, anamwamkia Bibi, na anaeleza yote mwenyewe, bila kumtaja Asukile wala majiko yake. Anasema amebandika mbao kabla ya wakati. Anasema zikiachwa zitanyanyuka. Anasema zikitolewa, chumba hakitakuwa tayari mpaka mwezi wa sita.

Asukile anainyoosha shingo kwenye simu. "Mama, ni mimi niliyewasha moto. Mtoto hana kosa. Nilitaka Jumapili ukute pako tayari."

Bibi Eveline anauliza, "Hizo mbao zimetoka wapi?"

"Chunya, Bibi."

"Chunya kwenye joto. Mkazileta Uyole kwenye baridi. Mliziuliza kama zimelala?"

Veneranda, juu ya ndoo yake, anainua uso.

"Mimi mfupa wangu daktari alisema usiukanyagie mpaka ushike," inaendelea sauti ya Bibi. "Wakaja watu hapa, inuka bibi, jikaze bibi, tukutembeze. Nikakataa. Nimelala miezi minane, sasa nimesimama. Mbao nazo msizikanyagie. Asukile."

"Naam, mama."

"Jumapili nakuja vilevile. Nitalala na Mercy. Chumba chake kina zulia, na yeye anakoroma kama babu yake, nitajua niko nyumbani. Na huyo mtoto fundi nimkute, nimwone. Ndaga fijo." Hayo mawili ya mwisho ni asante sana, kwa Kinyakyusa, na simu inakatika.

Asukile anavua kofia, anaitazama ndani kana kwamba kuna kitu, anaivaa tena. Anachukua chupa ya chai na kumimina vikombe vitatu.

Akiulizwa anataka nini mbele ya safari, Veneranda hana maneno mengi. Anataka banda la vyumba viwili hapahapa Uyole, kando ya barabara, ambapo mbao za Chunya na za Iringa zitafikia na kulala kabla ya kwenda kwenye nyumba za watu. Chumba kimoja cha mbao. Kingine cha meza ya Tekla na kipimo chake. Kibao cha nje ameshakifikiria. "Kitaandikwa Tekla na Mama," anasema. "Mama aje mwisho. Mimi nimeshaandikwa ukutani Iringa, inatosha."

Lakini Tekla hasikilizi mambo ya kibao. Ameshapiga magoti kwenye mstari wa kumi na moja, wa mwisho kubandikwa. Kutoka kwenye kisanduku cha vifaa ametoa waya wa breki ya baiskeli, mrefu kama mita moja na nusu, wenye kipande cha mti kila upande. Ni kifaa cha mama yake cha kukatia gundi. Hupitishwa chini ya ubao na kuvutwa kama msumeno, na hakina namna ya kutumiwa na mtu mmoja.

Anashika mti mmoja. Mwingine anaunyoosha bila kugeuka.

Veneranda anainuka kwenye ndoo, anapiga goti upande wa pili, anaupokea.

"Polepole," anasema Tekla. "Usivute kwa nguvu, mama, utaupasua."

"Haya, fundi," anasema Veneranda.

Waya unaingia chini ya mninga. Unakwenda, unarudi. Baada ya dakika chache gundi inaachia kwa sauti ya kitu kilichobanduliwa, na ubao wa kwanza unatoka mzima. Tekla anaugeuza. Mgongo wake umelowa. Anaufuta kwa kiganja, anachomoa penseli kwenye nywele, anaandika tarehe ya leo na kuusimamisha ukutani. Kisha wanasogea wote wawili, kwa magoti, kwenye ubao wa pili.